Chupa ya mkojo wa kulungu haina kazi Monduli

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Ngaramtoni alinishikisha simu yake nitazame video. Mzungu yuko porini, amevaa nguo za rangi ya majani makavu, anatoa kichupa mfukoni na kudondosha matone ardhini kwa uangalifu kama muuguzi. "Mkojo wa kulungu jike huo," kijana akanieleza. "Dume likinusa linajileta lenyewe. Kaka, tukiagiza hii kitu, swala wa Monduli si watakuja hadi barabarani?"

Wiki hiyohiyo kundi la WhatsApp la ndugu zetu wa Moshi lilichafuka. Mtu alikuwa amepiga picha alama ya mguu kwenye tope la kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga, na kabla chai haijapoa alama ile ilishakuwa ya chui, ikawa ya fisi, ikawa ya simba aliyepotea njia.

Mimi sikusoma Mweka, kile chuo cha wanyamapori kilichopo mlimani juu ya Moshi tangu 1963. Nilichonacho ni miaka ya kutembea vichakani nyuma ya watu wanaojua, hasa mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wanyamapori, ambaye hakuwahi kunijibu swali kabla sijachuchumaa na kutazama chini kwanza. Nitaeleza kwa namna alivyonieleza yeye.

Maneno ya kushika mapema

Alama ni kila kitu kinachoonekana ambacho mnyama amekiacha: kwato, kinyesi, jani lililong'atwa, gome lililokwanguliwa, nyasi zilizolala pale alipolala. Harufu ni neno gumu zaidi, kwa sababu zipo mbili na watu huzifanya moja. Ipo harufu inayoachwa mahali, kwenye udongo au kijiti, ikabaki hapo mwenyewe akiwa ameshakwenda zake. Na ipo inayotoka mwilini na kusafiri na hewa wakati mwenyewe bado yupo. Ya kwanza ni kama jina ulilochora ukutani kwa mkaa. Ya pili ni kama sauti yako: ukinyamaza, au upepo ukigeuka, haifiki.

Halafu kuna neno "kulungu" lenyewe. Kwa baadhi yetu kulungu ni yule mnyama wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni, ambaye wengine humwita pongo au mbawala. Kulungu wa zile video ni mwingine kabisa: ni mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika, yule ambaye wasomaji wa Biblia humjua kama ayala. Huyo hana asili Tanzania, wala popote kusini mwa Sahara. Afrika nzima yuko wa aina moja tu wa asili, kaskazini kabisa, maeneo ya Algeria na Tunisia.

Tofauti iko kichwani. Dume la kulungu wa Marekani huota pembe zenye matawi, zikiwa zimefunikwa ngozi laini, kisha ngozi inakauka na kubanduka, pembe zinatumika msimu mmoja, zinadondoka, na mwaka unaofuata zinaota nyingine. Swala, pongo na nyati hawana mchezo huo. Pembe zao ni ganda gumu juu ya mfupa, kama za ng'ombe, na ikivunjika imevunjika. Kwa ukoo, swala wa Monduli ni ndugu wa mbuzi wa Kisongo kuliko wa kulungu wa Wisconsin. Tutalirudia hilo tukifika kwenye kichupa.

Kusoma mguu

Tuanze na ile picha ya Moshi, maana ndiyo nyepesi. Chui hutembea kama paka wa nyumbani, kucha zikiwa zimerudi ndani, kwa hiyo mbele ya vidole vyake huoni vitobo vya kucha. Kisigino chake, upande wa nyuma, kina mawimbi matatu. Mbwa na fisi kucha zao hazirudi ndani, na kwenye tope laini huonekana wazi. Ya fisi huwa kubwa, na mguu wake wa mbele unazidi ule wa nyuma kwa ukubwa unaoonekana kwa macho. Picha ile ilikuwa na vitobo vinne safi mbele ya vidole na upana usiozidi kiberiti. Ilikuwa ya mbwa. Nalijua hilo la kiberiti kwa sababu mpwa wangu, Mungu ambariki, alikuwa na akili ya kukiweka pembeni kabla hajapiga picha. Alama isiyo na kitu cha kupimia pembeni yake inaweza kuwa ya paka au ya simba.

Wanyama wa kwato wana hadithi ndefu zaidi. Kwato ya swala, kama ya kulungu, imepasuka katikati na hukaa ardhini kama moyo, ncha ikielekeza anakokwenda. Anapotembea polepole, mguu wa nyuma hukanyaga palepale au karibu na ulipokanyaga wa mbele. Akikimbia, pande mbili za kwato zinapanuka, ncha zinachimba, udongo unarushwa nyuma, na mara nyingi, kwa wanyama walio navyo, vile vikwato vidogo vya juu, nyuma ya mguu, navyo vinagusa ardhi na kuacha nukta mbili. Hapa ndipo penye imani ya kwanza ya kuondoa: watu husema kwato iliyopanuka ni ya dume. Si hivyo. Kwato hupanuka kwa mwendo na kwa ulaini wa ardhi, na jike likikimbia topeni litapanua vilevile. Ukubwa nao hausemi kila kitu, kwa sababu dume changa na jike zima wanaweza kuvaa kiatu namba moja.

Upande wetu kuna mtego mwingine ambao Mmarekani hana: mbuzi na kondoo. Kuanzia Kisongo hadi Longido ardhi imekanyagwa na mifugo kuliko wanyamapori. Ncha za kwato za mbuzi huwa butu zaidi, za swala ni nyembamba na kali, lakini kwenye vumbi hiyo tofauti inapotea haraka. Mzee wangu alikuwa na njia ya mkato. Alitafuta katambuga. Ukiona chapa ya tairi la gari yenye umbo la mguu wa mtu ikifuata zile kwato, hao wana mchungaji, na wewe rudi nyumbani.

Alipita lini?

Kujua ni mnyama gani ni nusu ya kazi, na nadhani ni nusu ndogo. Alama ya juzi ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, haina faida kwa mtu anayemfuata leo.

Udongo hujibu swali hilo ukiwa na subira. Alama mpya ina kingo kali, na chembe zilizosimama ukingoni bado hazijaanguka ndani. Upepo na jua vikipita, kingo zinaporomoka, sakafu ya alama inajaa vumbi jepesi na inaanza kufanana rangi na ardhi ya pembeni. Umande unasaidia: nyasi zilizopigwa na miguu asubuhi zimepoteza weupe wa umande, zinaonekana kama mstari mweusi. Wadudu wanasaidia pia. Kama kuna njia ya chungu imekatiza juu ya kwato, au buibui ameshatandaza utando kati ya majani aliyopitia mnyama, huyo ameshaenda mbali. Na mvua ni saa ya ukutani kabisa. Ukijua ilinyesha alfajiri, na ndani ya alama mna vitobo vya matone, mnyama alipita kabla ya mvua. Kama alama imekata juu ya vitobo hivyo, alipita baada yake.

Zoezi bora nililofundishwa halihitaji pori. Kanyaga uani kwako saa moja asubuhi, kanyaga tena saa sita pembeni yake, na jioni zitazame zote mbili. Rudia baada ya siku moja. Vumbi la Kisongo, udongo mwekundu wa Moshi na ule mweusi unaonata masika havizeeshi alama kwa kasi moja, kwa hiyo mtu aliyejifunzia kwenye mmoja ataongopewa na mwingine.

Kinyesi

Samahani kwa wanaosoma wakila. Kinyesi kinasema zaidi ya kwato: ni nani, alikula nini, ni lini, na hapa ni kwa nani.

Swala na jamaa zake huacha vidonge kama maharage meusi, mara nyingi kimoja kikiwa na ncha upande mmoja. Vya twiga vinafanana navyo ila ni vikubwa, na vimetawanyika kwa sababu vimeanguka kutoka juu. Wakati wa majani mabichi vidonge vya swala hushikamana na kuwa donge, na mgeni hudhani amekutana na mnyama mwingine. Kinyesi kipya kinang'aa kwa ute, kina uvuguvugu na ndani ni cha kijani. Mende wa kinyesi hukifikia upesi, na jua hukitengenezea ganda kwa nje. Vunja kimoja kwa kijiti, kwa maana ganda la juu linadanganya. Kile cheupe kama chokaa ni cha fisi, na weupe wake unatoka kwenye mifupa aliyotafuna, si kwa sababu ya uchawi anaosingiziwa.

Ukikuta rundo, vidonge vya leo juu ya vya jana juu ya vya wiki iliyopita, hicho ni choo cha makusudi. Digidigi anaishi na mwenzake mmoja, na wawili hao huweka marundo kwenye mipaka ya eneo lao: jike huanza, dume hufuata na kufunika yake juu. Wapo wanaosimulia kwamba digidigi aliwahi kujikwaa kwenye kinyesi cha tembo, akaapa kulimbikiza chake hadi siku moja tembo naye ajikwae. Anaendelea kungoja.

Lakini hata wajuzi hupotea hapa. Kwenye misitu ya Kilimanjaro yuko minde, mnyama jamii ya funo, yule swala mdogo wa msituni, lakini mkubwa zaidi, asiyepatikana nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania, na mwenye aibu kiasi kwamba watu wengi wa mlimani hawajawahi kumwona. Watafiti walipopima vinasaba vya vinyesi vya wanyama wa jamii hiyo kwenye misitu ya nchi hii, waligundua kwamba kuvitambua kwa macho peke yake kunakosea. Kwa hiyo mtu akikuonyesha vidonge vitatu na kuapa jina la mnyama, mpe heshima yake na ubaki na shaka yako.

Sasa kichupa

Kila nilichoeleza mpaka hapa ni barua kwa macho yetu. Wanyama wenyewe huandikiana kwa pua.

Digidigi ana tezi nyeusi mbele ya kila jicho. Huchomeka kijiti kwenye tezi hiyo taratibu, na kuacha tone jeusi kama lami. Swala pala ana kishungi cheusi nyuma ya kila mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, na chini ya manyoya yale mna tezi. Kulungu wa Marekani wenye mkia mweupe wana tezi kati ya kwato, ndani ya kiungo cha mguu wa nyuma, na kwenye paji la uso. Majira yao ya kupandana yakifika, ambayo sehemu kubwa ya Marekani hupamba moto Novemba, dume husugua pembe na paji kwenye miti midogo hadi gome linatoka. Hufukua ardhi kwa kwato chini ya tawi linaloning'inia, likasugua uso kwenye tawi lile, na kukojoa huku mkojo ukipita juu ya tezi za miguuni. Ndiyo maana wale mabwana wa kwenye video wanashangilia wakiona mti uliokwanguliwa. Ni ubao wa matangazo.

Mkojo unafanyaje kazi? Yeyote aliyefuga mbuzi ameshaliona jibu. Beberu likinusa mkojo wa jike, linainua kichwa na kukunja mdomo wa juu kama linacheka. Halicheki. Linapeleka harufu ile kwenye kiungo kidogo kilichopo juu ya kaakaa, kinachoweza kutambua kama jike liko tayari. Swala dume hufanya vivyo hivyo, na kulungu pia.

Basi kijana wangu akauliza, kama wote wanafanya, kwa nini kichupa kisifanye kazi? Kwa sababu ni barua ya lugha nyingine. Mkojo wa kulungu jike unamwambia dume la kulungu jambo lake. Kwa swala pala ni harufu ngeni tu, tena iliyofungwa kwenye chupa kiwandani na kusafirishwa. Hata huko kwao hakuna uhakika; huvutia baadhi ya madume siku chache za msimu, na siku nyingine huwapa tahadhari. Lipo na la kutisha zaidi. Tangu 1967, ulipoonekana kwanza Colorado, kuna ugonjwa unaodhoofisha kulungu hadi kufa, unaoharibu ubongo na usio na tiba, na chembe zake hutoka kwenye mate, kinyesi na mkojo na kubaki ardhini muda mrefu. Ndiyo sababu baadhi ya majimbo ya Marekani yamepiga marufuku vichupa vya mkojo halisi. Mtu wa kuuagiza uje Monduli, kwenye mifugo ya watu, sijui nimwiteje.

Mlima unavuta pumzi

Hapa ndipo ninapotaka ukae, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anaweza kusoma kila kwato sawasawa, afike kwenye kichaka chenyewe, na akute patupu. Hakuonekana wala hakusikika. Alinuswa.

Watu wa Moshi wanajua kwamba Kibo huonekana asubuhi, kisha ikifika saa tatu au nne hujifunika wingu. Ni nadra mtu kuuliza kwa nini. Usiku miteremko inapoa, hewa iliyoigusa inakuwa baridi na nzito, na inateremka. Inafuata makorongo kama maji yanavyofuata mfongo, mfereji wa Wachaga wa kumwagilia, na ndiyo maana alfajiri moshi wa majiko ya vihambani hulala na kuteleza kuelekea tambarare. Jua likishapasha mteremko, mambo yanapinduka: hewa inakuwa nyepesi, inapanda, inabeba unyevu wake hadi juu kwenye baridi, na unyevu unageuka wingu. Meru hufanya hivyohivyo, na vilima vya Monduli pia kwa kadiri yake.

Hewa hiyo inayobeba unyevu inakubeba na wewe. Alfajiri, mnyama aliye chini yako anapokea harufu yako bila jasho. Kukishapambazuka sawasawa, ni yule aliye juu yako. Na kuna kipindi cha katikati, pale hewa ya usiku inapogombana na ya mchana, ambapo inazunguka hovyo na hakuna upande salama. Mzee wangu kipindi hicho alikaa chini akanywa chai. Juu ya pumzi hii ya mlima kuna pepo kubwa za msimu, kusi na kaskazi, ambazo zikivuma kwa nguvu zinaimeza kabisa, na korongo lenye kona linaweza kuzungusha upepo ukakujia kutoka kule ulikodhani unaelekea.

Chombo cha kupimia ni soksi kuukuu yenye majivu. Itikise, tazama vumbi linakokwenda. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Hewa yenye unyevu wa wastani hushika harufu vizuri, na ndiyo sababu pua za wanyama wengi huwa mbichi. Unyevu unanasa chembe za harufu. Jua kali la saa nane huitawanya na kuipandisha.

Kuna wanaosema jipake kinyesi cha ng'ombe au cha tembo, harufu yako itapotea. Fikiria abiria anayejimwagia manukato ndani ya Hiace iliyojaa. Jasho haliondoki, sasa mnasafiri na vyote viwili. Mnyama mwenye pua nzuri anapata kinyesi, na anapata mtu aliyejipaka kinyesi. Kuoga kwa sabuni isiyo na manukato na kuvaa buti za mpira kunapunguza harufu unayoacha mahali. Ile ya hewani dawa yake ni kukaa upande sahihi wa upepo tu.

Na ile ya kuro? Kuro, yule swala mkubwa apendaye kukaa karibu na maji, ana mafuta mwilini yanayonuka sana, na watu husema simba hamli kwa sababu hiyo. Simba hajaambiwa. Anamla.

Wa kuuliza, na pa kujifunzia

Kijana wangu hakupenda nilipofika kwenye sheria, lakini lazima isemwe. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumwinda mnyamapori bila leseni ni kosa, hata digidigi wa kilo tano, na ndani ya hifadhi za taifa hakuna leseni ya kuwinda ya aina yoyote. Kusoma alama, kwa upande mwingine, hakuhitaji kuua kitu. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa 1960, inaruhusu kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha, na saa mbili na askari mzuri pale Momella zina masomo kuliko video mia. Mwombe tu asikuonyeshe wanyama. Mwambie akuonyeshe ardhi.

Na kama ungependa kuona mwisho wa elimu hii, ni Wahadzabe wa bonde la Eyasi, huko Karatu. Mshale wa sumu ukishampata mnyama hawamkimbilii. Wanakaa, wanaiacha sumu ifanye kazi, kisha wanafuata alama, tone la damu hapa, jani lililopinduka pale.

Jumamosi nilimpa kijana soksi yangu na majivu ya jikoni, tukapanda kidogo nyuma ya Ngaramtoni kwenye mteremko wa Meru. Ilikuwa kwenye saa nne. Akaitikisa, vumbi likasita kidogo mbele ya uso wake, kisha likaanza kupanda kuelekea msituni.

"Kwa hiyo walioko juu huko wameshajua tupo," akasema.

Nikamwambia tangu tulipoegesha pikipiki.